Viua vya Upande wa Kushoto

Siku ya nne. Nimekatazwa kubeba
chochote kizidicho kilo nne:
si mtungi wa maji, si mfuko wa mchele,
si mjukuu wangu Yaqdhan, aliyesimama mlangoni
mikono juu, kisha akaishusha mwenyewe
kama aliyekuta duka limefungwa.

Sindano hawakuitaja.

Basi nimekaa, Mabela, chumba cha nyuma.
Kiyoyozi kinakoroma. Nje, Agosti ya Maskati
imelalia barabara kama pasi iliyosahauliwa.
Pajani damu imevilia, rangi ya bilingani,
pale walipopitishia waya
ukapanda, ukabisha hodi moyoni.

Daktari Sumathi alinieleza
kwa Kiarabu chake cha Malabari:
umeme wako, mzee, unatangatanga
vyumba vya juu, hausikii amri.
Tutachoma vidoa, kidoa kwa kidoa,
kuizunguka midomo ya mishipa.
Kovu halipitishi umeme.
Nikasema, nimeelewa. Akashangaa:
wenzangu huuliza mara tatu.

Lakini mimi natoboa kofia tangu Buyenzi,
Bujumbura, barazani kwa fundi Amisi
aliyenichapa rula ya vidole na kusema:
Tundu si sifa. Hata panya hutoboa.
Lizungushie uzi, mpasuko usisafiri.

Hapa Oman kofia hushona wanawake.
Mashemeji walinicheka miaka ishirini:
fundi mkuu wa pampu za mafuta
jioni kainamia kitambaa kama mwari!
Walicheka, na kila ikikaribia Idi
wakaleta vichwa vyao nivipime.

Hii niliianza mwezi wa Rajabu.
Upande wa kulia viua vimekaa safu,
mia mbili na kumi, kimoja hakimsukumi mwenzake.
Upande wa kushoto, ukikaribia utosi,
uzi unaanza kusema peke yake:
mshono mrefu, mfupi, mfupi, hakuna,
kisha mitatu imepandana
kama mbuzi kwenye mlango mmoja.
Usiku ule nililaumu miwani.
Nikalaumu taa. Nikamlaumu Shinuna
kwa wingi wa hiliki katika kahawa.
Moyo sikuushtaki; niliuita shahidi.

Sasa Shinuna ananitaka nifumue.
Aibu hiyo, asema, na mkasi huu hapa.
(Kahawa ameificha nyuma ya unga. Naijua ilipo.)
Nimeushika mkasi. Nimeuweka.
Ile karatasi ya mistari ya hospitali
wamebaki nayo wao.
Hii ndiyo nakala yangu.

Daktari alinionya: miezi mitatu ya mwanzo
moyo huweza kurudia utundu wake,
usihamaki, makovu bado mabichi.
Na jana baada ya Isha ukarudia.
Kitu kilijikwaa kifuani, kikakimbia.
Sindano ikabaki hewani.
Chumba cha pili Shinuna alikuwa simuni
akibishana na dada yake juu ya bei ya nyanya.
Sikumwita. Nikahesabu,
kama tulivyokuwa tukihesabu nyuzi za kitambaa
kabla ya kuthubutu kukitoboa.
Nyanya zikapanda bei, zikashuka.
Nilipofika arobaini na moja ukatulia,
bila kuomba radhi,
kama mgeni aliyekumbuka yuko nyumba ya watu.

Nikashusha sindano. Kiua kilichofuata
kimetoka kikubwa kidogo. Nimekiacha.

Leo nimempima Yaqdhan. Ni yake, akikua.
Imemshuka hadi puani, amepotea ndani,
akaizungusha, akatafuta pa kuchungulia
hadi akapata, upande wa kushoto,
tundu bovu kuliko yote. Jicho moja likanitazama,
kisha nikasikia, kutoka ndani ya kofia:
Babu, na nikivua viatu?
Nitafika kilo nne?